Kwa nini wazee wa Georgia huita karanga "goober"?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ninaishi Georgia, Marekani, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mzee mmoja, Mmarekani mweusi wa miaka themanini na kitu, haiti karanga "peanut" kama wengine. Yeye husema "goober", na mara mojamoja "pinder". Rafiki yangu wa Kinshasa alipomsikia alishtuka, akasema kwao karanga ni nguba. Je, ni neno moja au ni sadfa? Na kama kweli limetoka Afrika, mbona halifanani na karanga wala njugu? Halafu nisaidie na ubishi wa nyumbani kwangu: mimi husema njugu, mume wangu wa Dodoma anasema njugu ni njugumawe na karanga ni karanga. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako amesikia sawasawa. Goober ni nguba, na pinder ni mpinda. Yote mawili ni maneno ya Kikongo. Nguba limo pia katika Kimbundu, lugha ya Luanda na bara yake, na ndilo hilo analolisema rafiki yako katika Kilingala. Mzee wako anapoomba goober, neno la Kibantu ndilo linalomtoka kinywani, neno lililovushwa Atlantiki na watu waliofungwa minyororo, na ambalo limerithiwa kizazi kwa kizazi mpaka kwenye hicho kiti anachokalia.

Ubishi wenu nyumbani nao umenifurahisha, kwa sababu wewe na mume wako mmeshika ncha mbili za uzi huohuo. Ukielewa kwa nini yeye anakatalia njugumawe na wewe unang'ang'ania njugu, umeshaelewa historia ya nguba. Lakini tuanze na mmea.

Karanga si mzaliwa wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika nchi ambayo leo ni kusini mwa Bolivia na kaskazini-magharibi mwa Argentina, na ililimwa huko maelfu ya miaka kabla Mzungu hajaiona. Mwaka 1987 lilipofukuliwa kaburi la mtawala wa Wamoche huko Sipán, Peru, marehemu alikutwa amevalishwa mkufu wa shanga kubwa zenye umbo la karanga, upande mmoja za dhahabu na upande mwingine za fedha. Basi tusidhani zilikuwa chakula cha kutafunia njiani tu. Na wenyeji walikuwa na majina yao. Wataino wa visiwa vya Karibi walisema maní, neno ambalo nchi nyingi za Amerika zinazozungumza Kihispania zinalitumia hadi leo. Wanahuatli wa Mexico waliziita kakao ya ardhini, na humo ndimo lilimotoka neno cacahuate. Watupi wa Brazili walikuwa na mandubi, ambalo Wareno waliligeuzageuza mpaka likawa amendoim.

Wareno hao walifika kwenye mlango wa Mto Kongo mwaka 1483, na Brazili mwaka 1500. Tangu hapo merikebu zao zilikwenda na kurudi kati ya pwani hizo mbili, na katika karne ya 16 mahindi, muhogo na karanga vikashushwa Afrika.

Sasa mfikirie mkulima wa Kongo siku alipopewa mbegu hiyo kwa mara ya kwanza. Aliipanda ikaota, ikatoa maua ya manjano juu ya ardhi. Ua likanyauka, na mahali pake pakatoka kikonyo chembamba kilichoinama, kikajichimbia udongoni, na tunda likakomaa humo gizani. Mtu wa Ulaya akiona jambo hilo angeshangaa, maana kunde zake zote huzaa hewani. Mkulima wa Kongo hakuwa na cha kushangaa. Mmea wa tabia hiyo alikuwa nao shambani tangu enzi za mababu: njugumawe.

Njugumawe ndiyo mzaliwa wa bara letu. Wanasayansi huiita Vigna subterranea, na Kiingereza huihusisha na Wabambara wa Mali. Nayo hutoa ua juu na kuficha tunda chini. Nimekulia Singida, na bibi yangu alikuwa na desturi ya kupanda njugumawe pembezoni mwa shamba la karanga. Wakati wa kung'oa sisi watoto tulikuwa tunazichanganya ndani ya kapu, na yeye alizitenganisha kwa vidole bila kutazama. Ganda la njugumawe ni la duara na mara nyingi lina punje moja tu, ngumu kama kokoto, na ndiyo maana Waswahili wakaipa jina la jiwe. Karanga ina ganda refu lenye kiuno, punje mbili au zaidi, na ni laini. Kwa namna zinavyoota ni ndugu. Kwa namna zinavyoliwa zinaachana, na hapo ndipo panapotuhusu: karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, ilhali njugumawe ina mafuta machache na wanga mwingi. Njugumawe huchemshwa, tena kwa kuni nyingi na subira. Karanga hata mbichi inatafunika, na ukiitia kwenye chungu cha moto inajikaangia kwa mafuta yake.

Mgeni akifika akiwa na sura ya mtu unayemjua, unamwita kwa jina la yule unayemjua. Ndivyo Wakongo walivyofanya. Nguba lilikuwa jina la njugumawe. Karanga ilipoingia ikavishwa jina hilo, na kwa kuwa karanga ilizaa haraka, ikaiva haraka na kutoa mafuta, baada ya vizazi kadhaa mgeni akawa ndiye mwenye jina, na mwenye nyumba akalazimika kuongezewa neno la kumtambulisha.

Hapo ndipo mnapoingia wewe na mume wako, maana upande wetu wa bara mambo yalikwenda njia hiyohiyo. Njugu ni neno la kale la Kibantu la punje za namna hii, na limetawanyika mbali. Washona wa Zimbabwe wanasema nzungu, wakimaanisha karanga. Katika Kiingereza cha Afrika Kusini kuna "jugo bean", na hiyo ni njugumawe. Jirani zako Wakikuyu wakisema njũgũ wanamaanisha mbaazi, ambazo hata ardhini hazizai. Neno ni moja, mimea mitatu! Jina la chakula haligandi kwenye mmea mmoja. Hufuata matumizi, na matumizi hubadilika. Pwani yetu, karanga ilipofika iliitwa njugu kama nguba kule Kongo, kisha watu wakahitaji kutofautisha. Ya zamani ikawa njugumawe. Ya ugenini ikawa njugunyasa, jina linaloonesha kwamba watu wa pwani waliihesabu kuwa njugu ya pande za Nyasa, au ikawa njugu karanga.

Na karanga maana yake nini? Mimi naliona ni jina la jikoni. Kibantu cha kale kilikuwa na mzizi uliomaanisha kukaanga, na katikati yake mlikuwa na sauti ambayo lugha nyingi zimeihifadhi kama r au l. Wanyarwanda na Warundi wanasema gukaranga, Wakikuyu wanasema gũkaranga, na wote wanamaanisha kukaanga. Kiswahili kina tabia ya kuimeza sauti hiyo inapokaa kati ya irabu mbili. Wanyarwanda wanasema inzara, sisi tunasema njaa. Kwa mtindo huohuo sisi tukabaki na kaanga, na hizo a mbili zinazofuatana ni kovu la herufi iliyopotea. Karanga yenye r imetujia kutoka kwa ndugu zetu wa bara ambao hawakuimeza. Wewe mzaliwa wa Mombasa umewahi kuagiza nyama karanga hotelini, na hukuletewa nyama yenye njugu ndani yake. Uliletewa nyama iliyokaangwa. Njugu karanga ni njugu za kukaanga, basi, na Watanzania tumelikata jina, tukaacha kichwa na kubaki na sifa.

Kwa hiyo wewe uko sahihi, kwa kuwa pwani ya Mombasa na Zanzibar hiyo ni njugu, na kashata za njugu ni kashata za njugu. Mume wako naye yuko sahihi, maana njugu ya kwanza kabisa ilikuwa njugumawe, na watu wa Dodoma, ambao bado wanailima kwa wingi, wana haki ya kumlindia mwenye jina jina lake. Hiyo ndiyo hukumu yangu, na sitaibadilisha hata akinipigia simu.

Turudi kwa mzee wako. Nguba imefikaje Georgia?

Watu takribani milioni 12.5 walipakiwa merikebuni kupelekwa Amerika katika zile karne za biashara ya utumwa ya Atlantiki, na kati yao zaidi ya milioni 5.5 walitoka pwani ya Kongo na Angola. Hakuna sehemu nyingine ya Afrika iliyonyang'anywa watu wengi hivyo. Walioshushwa katika nchi ambayo sasa ni Marekani hawakufika 400,000, na kama robo yao walikuwa wa Kongo na Angola. Lakini wastani huo unaficha jambo. Katika Carolina ya Kusini, hasa miaka ya 1730, meli baada ya meli zilitoka Angola, hata wakulima wa mpunga wa Charleston wakawa wamezungukwa na watu waliokuwa wakisemezana Kikongo na Kimbundu. Tarehe 9 Septemba 1739 watumwa wa kando ya Mto Stono walichukua silaha na kuanza kuandamana kuelekea Florida, ambako Wahispania walikuwa wameahidi uhuru. Waliowaongoza walitajwa kuwa ni Waangola, na wanahistoria wanawatambua kuwa ni watu wa Ufalme wa Kongo. Hao ndio waliokuwa wakisema nguba.

Njugu zenyewe nazo zilisafiri katika meli hizohizo. Daktari Hans Sloane, mzaliwa wa Ireland aliyekaa Jamaika mwishoni mwa karne ya 17, aliandika kwamba karanga zilikuwa zikiletwa kutoka Gine, yaani pwani ya Afrika Magharibi, katika meli za watumwa ili kuwalisha njiani. Ebu tulia hapo kidogo. Mbegu iliyotoka Amerika kwa mkono wa Mreno ikarudi Amerika ikiwa chakula cha watu waliofungiwa chini ya sitaha. Ilivuka bahari mara mbili. Jina lilivuka mara moja tu, na lilivuka likiwa la Kiafrika. Yale majina ya wenyeji, maní na cacahuate na mandubi, hayakupata nafasi kusini mwa Marekani, kwa sababu walioilima, walioipika na walioijua karanga huko walikuwa watu wetu. Mtumwa alipewa kipande cha ardhi nyuma ya kibanda chake apande cha kujazia tumbo, naye alipanda anachokijua na kukiita kwa jina alilolijua.

Unaweza kuuliza mbona majina ya Afrika Magharibi hayakushika, wakati huko nako karanga zilikuwapo. Wahausa wana gyada, Waakan wana nkatie, Wawolof wana gerte. Nadhani sababu ni kwamba watu wa Magharibi walikuwa na lugha nyingi zisizofanana, kila moja na jina lake, ilhali watu wa Kongo na Angola waliambiana nguba wakaelewana hata kama mmoja ni wa Luanda na mwingine ni wa Mbanza Kongo. Jina linaloeleweka na wengi ndilo linalobaki.

Sasa masikio. Mtu mwenye mazoea ya Kiingereza hawezi kuanza neno kwa ng. Msikilize akitaka kusema Ngugi: ama ataweka irabu mbele, ama ataitupa n. Katika nguba n ilitupwa ikabaki guba, na katika mpinda m ilitupwa ikabaki pinda. Hiyo r ya mwisho iliingia kwa njia ya maandishi. Watu wa kusini mwa Marekani zamani hawakuitamka r iliyo mwishoni mwa neno. Walichokiandika -er wao walikisema a. Kwa hiyo mtu aliyesikia guba akaliandika goober, na aliyesikia pinda akaliandika pinder au pindar. Baadaye watu wanaotamka kila r wakalisoma jinsi lilivyoandikwa, na neno likapata mkia ambao halikuzaliwa nao. Msikilize vizuri mzee wako. Akiwa ni mtu wa shamba wa zamani, huenda unasikia guba safi bila r yoyote.

Kati ya hayo mawili, pinda ndilo lililotangulia kwenye karatasi. Thomas Jefferson, aliyeandika Azimio la Uhuru la Marekani na wakati huohuo akawamiliki watumwa mamia, alikuwa na mazoea ya kuandika kila kilichopandwa katika mashamba yake ya Monticello, Virginia. Mwaka 1794 aliandika kwamba mashina 65 ya "peendars" yalitoa pauni 16 na nusu, zikipimwa mbichi kama zilivyotoka ardhini. Mtu huyo msomi aliliandika jina lile la Kikongo lililokuwa likisemwa shambani kwake. Goober lilichelewa, katika maandishi linaonekana miaka ya 1830, ingawa midomoni lazima lilikuwapo kabla ya hapo, maana maneno ya watumwa yalikuwa hayaandikwi mpaka mtu mweupe ayahitaji.

Walikuja kulihitaji katika vita. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliwakata watu wa kusini chakula, na askari wao wakaishi kwa karanga za kuchemsha. Mwaka 1866 ulichapishwa New Orleans wimbo wa askari uitwao "Goober Peas". Mtunzi wa maneno akaandikwa A. Pindar, na mtunzi wa muziki akaandikwa P. Nutt. Hawakuwa watu, ni majina matatu ya karanga yaliyopangwa kwenye jalada moja, mawili ya Kongo na moja la Kiingereza. Watu wa Georgia wenyewe walipewa utani wa "goober-grabbers", yaani wapora karanga. Askari waliopigania utumwa uendelee waliimba chakula chao kwa neno walilofundishwa na watumwa. Kila nikisoma ukurasa huo huwa naufunga kwanza nikatembeatembea.

Waliosoma wakati huo, na hata muda mrefu baadaye, hawakutaka kukubali kwamba lugha za Afrika zimebakiza chochote Marekani. Huko pwani ya Carolina ya Kusini na Georgia, katika visiwa vya baharini, kuna Wagullah, weusi waliohifadhi lugha yao kuliko wengine wote, na wataalamu walidai kwamba wanachosema ni Kiingereza kibovu cha wakulima wa Uingereza wa zamani. Aliyewasahihisha ni Lorenzo Dow Turner, Mmarekani mweusi. Alianza kwenda visiwani mwanzoni mwa miaka ya 1930 na mashine ya kurekodia sauti, akajifunza lugha za Afrika ili apate kulinganisha, na mwaka 1949 akatoa kitabu chenye maelfu ya maneno na majina ya watu yenye asili ya Afrika. Guba imo, na pinda imo, kila moja ikiwa na ndugu zake wa Kongo na Angola pembeni. Sisi tunaofundisha lugha za Kibantu tuna deni kwa mtu huyo. Kitu alichokifanya ni rahisi kukisema: aliwasikiliza wazee akiwa na hakika kwamba wanajua wanachokisema.

Goober halikusafiri peke yake. Umekula gumbo huko? Ule mchuzi mzito wa Louisiana umepewa jina la bamia, na bamia kwa Kimbundu ni kingombo. Hiyo ki- unaijua, ni ki- ya kitabu na kiti. Walioipokea waliikata wakabaki na ngombo, kisha gumbo, kwa kisu kilekile kilichokata n ya nguba. Hata banjo, ala inayodhaniwa na wengi kuwa ya Wazungu wa milimani, wanaisimu wengi wanaifikisha kwenye mbanza ya Kimbundu.

Pinda nayo ina safari yake, na rafiki yako akiwa na jamaa Ulaya ataipenda. Jamaika karanga ni pinda mpaka leo. Katika makoloni ya Waholanzi, Curaçao na Suriname, ni pinda vilevile, na kutoka huko Waholanzi wenyewe walilichukua likawa neno lao la kawaida. Mholanzi akiingia dukani Amsterdam anaomba pinda. Siagi ya karanga anaiita pindakaas, yaani jibini ya pinda, kwa kuwa sheria yao ilizuia neno siagi lisitumike kwa kitu kisichotokana na maziwa. Wabelgiji wanaosema Kiholanzi wanatumia maneno hayohayo. Walitawala Kongo miongo mingi na kulifanya Kifaransa ndicho kipimo cha mtu aliyestaarabika, na muda wote huo watoto wao walikuwa wakipakiwa mkate kwa neno la Kikongo.

Angola kwenyewe neno halikushindwa. Kimbundu kina kiambishi ji- cha wingi kwa nomino za namna ya nguba, kwa hiyo nguba nyingi ni jinguba. Kireno cha Lisbon kinasema amendoim, lakini ukifika Luanda utaambiwa ginguba, na wanaolisema hivyo ni pamoja na watu wasiojua neno lingine lolote la Kimbundu. Kuku kwa mchuzi wa ginguba ni chakula cha heshima. Ukimpikia rafiki yako wa Kinshasa atakwambia wao wanapika vizuri zaidi, usibishane naye.

Kuna jambo moja linaniuma, nalo utakutana nalo ukiwauliza vijana huko. Leo goober kwa vijana wengi wa Marekani ni mtu mjingamjinga, mshamba wa kuchekwa. Wengine wanalijua kwa peremende tu, Goobers, karanga zilizopakwa chokoleti ambazo zimeuzwa tangu 1925. Neno lilishushwa hadhi pamoja na watu waliolisema, kwa kuwa karanga ilihesabiwa chakula cha nguruwe, cha maskini na cha weusi. George Washington Carver, aliyezaliwa utumwani akawa mwalimu wa kilimo Tuskegee, Alabama, alijitahidi miaka mingi kuirudishia heshima. Mwaka 1916 alitoa kijitabu chenye njia 105 za kuiandaa kwa chakula cha binadamu. Karanga ikapanda. Georgia sasa inatoa karibu nusu ya karanga zote za Marekani, na mkulima wake mmoja, Jimmy Carter, akawa rais mwaka 1977. Jina ndilo lililobaki chini. Kwa hiyo mzee wako akikuona unacheka anapolisema, anaweza kufikiri unamcheka yeye. Mweleze mapema.

Kama unataka kumfurahisha, nina ushauri. Tafuta njugumawe, katika maduka ya vyakula vya Kiafrika hapo Atlanta huwa zinapatikana kavu, na wauzaji wa Afrika Magharibi wanazijua. Ziloweke usiku kucha, zichemshe mpaka zilainike, kisha uzipike na tui la nazi na chumvi kama mnavyofanya pwani. Usimwambie ni nini. Hizo ndizo nguba za kwanza, zile zilizokuwa na jina hilo kabla karanga haijafika. Yeye naye pengine atataka kukupikia karanga mbichi na maganda yake, zilizochemshwa kwa maji ya chumvi. Chakula hicho Carolina ya Kusini ilikifanya kitafunwa rasmi cha jimbo mwaka 2006, na wengi wa huko hawajui kwamba kuchemsha na ganda ndivyo Waafrika walivyokuwa wakiishughulikia njugumawe tangu zamani. Ukizila utakumbuka zile zinazouzwa vituo vya mabasi kwenu.

Halafu mfundishe kulitamka. Ni ng ya nguvu, siyo ng' ya ng'ombe. Katika Kiingereza chake anayo sauti hiyo, ila hajawahi kuiweka mwanzoni mwa neno. Mwambie aseme "finger" polepole, aache fi nje, akamate ng iliyobaki, na hapohapo aongeze uba. Mara ya tatu au ya nne itamtoka. Rafiki yako wa Kinshasa awepo siku hiyo.